Angalia Dansi Inakoma Wapi

Kama ulisikiliza kipindi chetu kilichopita, unajua tulikwama. Tulianza na filamu tulizoonyeshwa shuleni, tukafika West Side Story, na mwenzangu wa kipindi akaimaliza kwa sentensi moja: "Watu wanaotaka kuuana hawanyanyui miguu hivyo." Nilicheka, nikabisha, muda ukaisha. Wengi wenu mliotuandikia mko upande wake. Mmoja wenu akauliza swali ambalo halijanitoka kichwani: kama una mdogo wako wa kiume, na mtaani kwenu kuna visu, kweli utamwonyesha filamu ambamo watu wanacheza dansi huku wameshika visu?

Mimi ninaye mdogo wangu wa kiume, na visu mtaani kwetu vilikuwepo. Kwa hiyo wacha nijibu vizuri, kwa maandishi, bila mtu kunikatiza.

Jibu langu ni ndiyo, ningemwonyesha. Sisemi hivyo kwa sababu dansi inapunguza makali ya mapigano. Nasema hivyo kwa sababu dansi ikitungwa na mtu anayejua anachofanya, inaonyesha kitu ambacho ngumi za kawaida za kwenye muvi hazikionyeshi. Inaonyesha mwanzo wa mambo: ile raha ya kuwa kundi moja, mdundo mmoja, kabla mtu yeyote hajaumia. Na filamu nzuri ya aina hii inajua pia ni wapi pa kuisimamisha dansi.

Mwendo unatangulia

Kwa ambao hamjaiona: ni Romeo na Juliet iliyohamishiwa New York ya miaka ya 1950. Kuna magenge mawili ya vijana. Jets ni wazungu, watoto wa wahamiaji ambao wameshasahau kwamba na wao walihamia. Sharks wametoka Puerto Rico juzijuzi. Wanagombania mitaa michache na kiwanja kimoja cha kuchezea. Tony, aliyewahi kuwa Jets, anampenda Maria, dada yake Bernardo, kiongozi wa Sharks. Mengine unaweza kuyakisia.

Ilianza kama mchezo wa jukwaani, Broadway, mwaka 1957. Muziki ni wa Leonard Bernstein, maneno ya nyimbo ni ya Stephen Sondheim, na aliyeongoza mchezo na kutunga dansi ni Jerome Robbins. Wakati wa mazoezi Robbins aliwatenga wachezaji wa Jets na wa Sharks, wasikae pamoja wala kuzoeana, ili wafike jukwaani wakiwa na uadui wa kweli. Filamu ilitoka mwaka 1961. Robbins aliiongoza pamoja na Robert Wise, akafukuzwa kazi katikati ya upigaji picha, na bado jina lake likabaki kwenye filamu. Ilipata tuzo 10 za Oscar, na moja kati ya hizo, ya uongozaji, walipewa wote wawili.

Sasa itazame sehemu ya mwanzo, lakini itazame miguu. Jets wamekaa kiwanjani wanapiga vidole: ta, ta, ta. Wanainuka, wanatembea. Ni kutembea tu. Halafu mmoja ananyoosha mkono kidogo, kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi. Wanaendelea kutembea. Mwingine anarefusha hatua. Wanarudi kutembea. Kila mara kile kitu kinakua kidogo, mpaka ghafla wako hewani wote kwa pamoja, mikono imetanuka, barabara nzima ni yao. Hakuna mazungumzo ya maana kwa dakika kadhaa, wala hayahitajiki. Kisha wanakutana na Bernardo, na utaona Sharks nao wana namna yao ya kutembea, na nayo inakua vilevile. Mpaka ngumi zinaanza, huwezi kuonyesha kwa kidole ni wapi kutembea kulikwisha na ugomvi ukaanza.

Hapo ndipo mwenzangu anaposema si kweli. Na mimi hapo ndipo ninaposema hii ni kweli kabisa, kwa sababu niliishi nayo nyumba moja.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 14 siku mama alipomwona kupitia dirishani akirudi shule na wenzake wanne. Hakuona kisu. Hakuona bangi, hakusikia tusi. Aliona mwendo. Bega moja limeshuka, mguu mmoja unaburuzwa kidogo, na wote watano vilevile, kama waliofundishwa na mwalimu mmoja. Alipoingia ndani, mama alimuuliza swali moja tu: "Huo mwendo umeutoa wapi, mwanangu?"

Kiangazi kile dogo alipelekwa Mombasa kwa mjomba, wiki sita. Wengi wenu mnaijua safari hiyo. Sisemi Mombasa ilimwokoa. Mimi na yeye mpaka leo hatukubaliani kuhusu hilo. Lakini mwaka uliofuata mmoja wa wale wanne alichomwa kisu kwenye kituo cha basi. Alipona, ila alitembelea mkongojo kwa muda mrefu. Na ule mwendo wao ukaisha palepale. Sikumwona hata mmoja wao akitembea vile tena.

Nilipoiona West Side Story nikiwa mtu mzima, niliwatambua wale vijana. Sikuwatambua kwa nguo wala kwa maneno. Niliwatambua kwa mwendo. Robbins alichukua kitu ambacho mama alikiona dirishani akakipanua mpaka na sisi wengine tukione.

Ngoma au vita?

Baada ya kile kipindi nilimwekea mama sehemu hiyo ya mwanzo kwenye simu yangu. Alitazama kimya, miwani imeshuka puani. Kisha akauliza, "Hii ni ngoma au vita?"

Nikamwambia ni vyote viwili.

"Basi ni kirumbizi," akasema, akanirudishia simu.

Mama ni mtu wa Lamu. Kirumbizi, kwa ambao hamjabahatika, ni ngoma ya fimbo ya wanaume wa pwani. Watu wanafanya duara, zumari inalia, ngoma zinapigwa, na wawili wanaingia katikati na fimbo zao. Mmoja anarusha pigo, mwenzake anakinga, wanazungukana, wanabadilishana. Wenye asili ya Oman mtaifikiria razha, wanaume na panga zao, upanga unarushwa juu na kudakwa. Kwa hiyo hili wazo la kupigana kwa kucheza si la Wamarekani peke yao. Sisi pia tunalo, na neno letu wenyewe, ngoma, limebeba kila kitu: chombo, mchezo, na shughuli yote kwa jumla.

Nikamuuliza kama kwenye kirumbizi watu hawaumizani. "Mwenye hasira zake haingii," alisema. "Na akiingia, wazee wanaona kwenye mkono. Wanamtoa kabla fimbo haijashuka."

Jibu hilo lilinifungulia filamu nzima. Ukiitazama vizuri, West Side Story haina mzee kwenye duara. Watu wazima wamo wachache tu. Kuna polisi anayewadharau vijana wote, na Sharks zaidi. Kuna msimamizi wa dansi kwenye ukumbi, mtu mwenye nia njema ambaye hakuna anayemsikiliza. Kuna Doc, mwenye duka, anayeona yote na kila mara anafika amechelewa. Wazazi hatuwaoni hata kidogo. Mdundo unapanda, na hakuna mwenye mamlaka ya kusema "basi, wewe toka." Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Pale inavuma, na hakuna mkono wa kuituliza.

Kisu kinapotoka

Mapigano yenyewe yako katikati ya filamu, usiku, chini ya barabara kuu. Makubaliano yalikuwa ngumi tu, mmoja kwa mmoja. Tony anakuja kuzuia, Bernardo anamchokoza, Riff anashindwa kuvumilia, na visu vinatoka.

Kwa muda mfupi bado ni dansi. Riff na Bernardo wanazungukana, wanarukia mbele na nyuma kwa kipimo, na kusema kweli inapendeza. Hapa ndipo hoja ya mwenzangu ina nguvu. Jicho linafurahi wakati lingepaswa kuogopa. Lakini endelea kutazama. Kisu kinaingia kwa Riff na uzuri wote unatoka. Tony anakiokota kisu, anamuua Bernardo, na baada ya hapo ni watu kurukiana ovyo mpaka king'ora cha polisi kinawatawanya. Wanabaki wawili chini. Dakika chache zilizopita walikuwa wachezaji bora kuliko wote pale. Sasa hawana mdundo wowote.

Filamu ya kawaida ya mapigano haiwezi kunifanyia hivi, kwa sababu ndani yake watu hupigana tangu mwanzo mpaka mwisho. Kifo ni pigo moja zaidi. Kwenye filamu ya muziki nimeshazoea kwamba kila mwili unaweza kuruka. Kwa hiyo mwili ukilala na usiinuke, naelewa kilichopotea.

Kuna jambo jingine la akili walilolifanya. Kwenye jukwaa, wimbo wa "Cool" ulikuja kabla ya mapigano. Filamu ya 1961 iliusogeza ukaja baada ya vifo. Jets wamejificha kwenye gereji, dari iko chini, taa za magari zinawamulika. Wamempoteza kiongozi wao na wanatetemeka. Wanacheza, lakini si kule kuruka kwa mwanzo. Wanajikunja, wanajishika, mmoja analipuka na wenzake wanamrudisha chini. Hawa ni watoto wa kiume wanaojizuia kulia. Ukiwahi kukaa chumba kimoja na vijana ambao mwenzao amechomwa kisu, utakijua kile kimya chenye miguu inayotikisika chini ya meza. Sijaona filamu ya "uhalisia" iliyokipata vizuri kuliko pale.

Spielberg akaisogeza

Mwaka 2021 Steven Spielberg aliitengeneza upya, mwandishi akiwa Tony Kushner na mtunzi wa dansi Justin Peck. Anafungua na kifusi: majumba yanabomolewa kupisha ujenzi wa Lincoln Center. Hilo ni la kweli. Mtaa wa San Juan Hill ulibomolewa, na filamu ya 1961 ilipigwa picha kwa sehemu kwenye eneo hilohilo wakati wa bomoabomoa. Kwa hiyo tangu picha ya kwanza unajua kwamba Jets na Sharks wanauana kwa ajili ya ardhi ambayo wote wataipoteza. Watoto wa wapangaji wa London mnanielewa.

Lakini kinachohusu ubishi wetu ni hiki: Spielberg alibadilisha mahali dansi inapokoma. Mapigano yake yako ndani ya ghala la chumvi, na pale hakuna dansi. Ni ngumi, kuanguka, pumzi, damu. Dansi ameitanguliza. "Cool" imerudi kabla ya mapigano, na sasa ni ya Tony na Riff, marafiki wawili kwenye gati bovu lenye mashimo sakafuni, wakigombania bastola. Tony anaichukua, Riff anaitaka irudi. Wanaruka juu ya mashimo, wanarushiana, wanacheka, halafu hawacheki. Unajua kabisa kwamba mguu mmoja ukikosea, mtu anazama.

Yaani ameiweka dansi mahali ambapo jambo bado lingeweza kuzuilika. Pale kwenye gati bado ni mchezo, bado kuna rafiki anayemvuta mwenzake. Kwenye ghala mlango umeshafungwa. Robbins aliisimamisha dansi kwenye kisu. Spielberg ameisimamisha kwenye mlango wa kuingilia. Mimi bado napenda zaidi ile ya 1961, lakini nikiwa na mtoto wa miaka 14 pembeni yangu, nadhani ningeanza na gati lile. Ningesimamisha picha katikati na kumuuliza: sasa hivi, huyu anaweza kurudi nyumbani?

Hapa mwenzangu ana haki

Kuna sehemu moja ambayo siwezi kuitetea kirahisi.

Baada ya vifo, Anita, mpenzi wa Bernardo, anaenda dukani kwa Doc kupeleka ujumbe wa kumsaidia Tony. Anawakuta Jets. Wanamdhihaki, wanamzunguka, wanamsukuma, na wanakaribia kumbaka kabla Doc hajaingia. Kwenye filamu ya 1961, shambulio hilo limetungwa kama dansi. Rita Moreno, mzaliwa wa Puerto Rico aliyecheza Anita na kupata Oscar kwa nafasi hiyo, ameeleza hadharani kwamba alivunjika akalia wakati wa kuipiga, kwa sababu iliamsha majeraha yake ya zamani.

Nimeirudia mara tatu wiki hii. Tatizo ni hili: dansi ya Riff na Bernardo ni ya wawili. Wote wanaingia, wote wanajua hatua. Anita hajaingia kwenye ngoma yoyote. Hatua ni za wao peke yao, yeye ni kitu kinachorushwa. Unaweza kusema hiyo ndiyo maana yake, kwamba kundi ambalo mwanzoni lilikuvutia sasa linakuonyesha sura yake ya kweli, kwa miguu ileile. Naiona hoja hiyo. Lakini pia naona jicho langu likifuata mpangilio wao, na sikupenda kujikuta nikifanya hivyo.

Toleo la 2021 limeipunguza dansi mahali hapo. Anita ni Ariana DeBose, ambaye naye alipata Oscar. Wasichana wa Jets wanajaribu kuwazuia wavulana na wanatolewa nje. Na anayeingia kukomesha ni Valentina, mwenye duka wa toleo hili, anayechezwa na Rita Moreno mwenyewe, miaka 60 baadaye. Anawaita kwa jina la kitendo walichokuwa wanakifanya. Hatimaye kuna mzee kwenye duara, na ni mama. Amechelewa, lakini ameingia.

Kwa hiyo, mwenzangu, hili nakupa. Kuna ukatili ambao dansi inaufunika badala ya kuufunua, na kipimo changu sasa ni hicho: je, anayeumizwa naye anacheza?

Dansi inayojua inadanganya

Nikuongezee filamu moja tu, kwa wale mlioandika kwamba hamtaki za zamani. Chicago, ya mwaka 2002, ya Rob Marshall. Kule gerezani wanawake sita wanasimulia kwa tango jinsi wanaume wao walivyokufa. Damu haipo. Kila mmoja anamchomoa mwanamume wake kitambaa chekundu cha hariri, na hicho ndicho kifo. Inachekesha, inavutia, unajikuta uko upande wa wauaji watano.

Wa sita ni yule mwanamke wa Hungary asiyejua Kiingereza. Kitambaa chake ni cheupe. Kwa rangi hiyo tu filamu imekuambia hana hatia, na kama hukuwa makini ilikupita. Baadaye ananyongwa, na filamu inaonyesha kunyongwa kwake kama onyesho la sarakasi, watu wanapiga makofi.

Hapa dansi inafunika ukatili kwa makusudi, halafu inakushika mkono wako ungali unapiga makofi. Anayejua kucheza mbele ya mahakama na magazeti anatoka. Asiyejua lugha, asiyejua hatua, anakufa. Sisi ambao tumewahi kuwatafsiria wazazi wetu ofisini na hospitalini tukiwa na miaka tisa, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Basi, ungemwonyesha?

Ndiyo. Nilimwonyesha. Jumapili iliyopita dogo alikuja kula kwa mama. Ana miaka 29 sasa, ana kazi na ndevu. Baada ya chakula tuliiweka ile ya 1961 sebuleni. Alianza kwa kucheka, kama nilivyotegemea. Kwenye kiwanja, wale Jets walipoanza kutembea, aliacha kucheka. Hakusema kitu. Mama alimtazama yeye badala ya kutazama skrini.

Tulifika mwisho. Tony amepigwa risasi, Maria amemshika. Jets wanakuja kumbeba, mzigo unawaelemea, na vijana wawili watatu wa Sharks wanasogea kuwasaidia. Wanaondoka naye taratibu, hakuna anayecheza. Filamu nzima magenge haya hayajawahi kushika kitu kimoja pamoja. Cha kwanza ni maiti.

"Kama jeneza," mama akasema. Alimaanisha vile kwetu watu wanavyopokezana bega chini ya jeneza, hata waliokuwa hawasalimiani.

Dogo akasema, "Angalau kwenye jeneza wanajua kwenda pamoja." Kisha akainuka kutoa vyombo, na nikamsikia jikoni akipiga vidole, ta, ta, ta, halafu akaacha.